Sifa za Vitenzi Vikubwa

Mgeni rasmi, meza kuu, wazazi, walezi na ndugu waalikwa, itifaki imezingatiwa. Nimesimama kuvisifu viumbe ambavyo havijapata kusifiwa jukwaani: vitenzi vya Kiingereza cha GRE, mtihani anaoufanya mtu wa Dar es Salaam au Eldoret ili chuo cha Marekani kimfikirie kwa shahada ya uzamili au uzamivu. Sizungumzii "go" na "eat", vitenzi vya vibarua, vinavyofanya kazi usiku na mchana bila posho. Nazungumzia mabosi wao: "obfuscate", "excoriate", "tergiversate". Hao kazi hawafanyi. Kazi yao ni kujulikana.

Sifa ndogondogo nizipitie haraka, chakula kisije kikapoa. Kwanza ni vipole. Ukishavikariri havikusumbui tena. Unaweza kustaafu, ukazeeka na ukazikwa bila hata kimoja kukuomba ukitumie. Vinaleta utulivu nyumbani, maana mtoto akikusikia ukinong'ona "tergiversate" peke yako gizani hathubutu kuja kuomba hela ya maandazi. Vinafundisha historia pia: "bowdlerize" ni kufyeka kitabu kila neno la aibu, na chanzo chake ni toleo la Shakespeare la kusomewa familia lililotoka Uingereza mwaka 1807. Aliyefyeka ni Henrietta Bowdler. Toleo la kwanza halikuwa na jina la mtu. Lililopanuliwa la 1818 likatoka kwa jina la mdogo wake, Daktari Thomas. Na unyenyekevu vinao wa kugawa. "Enervate" kwa masikio yetu ni kumtia mtu nguvu, kumbe ni kummaliza nguvu, na mtahini anajua fika kwamba ndivyo tunavyodhani. "Sanction" ni kuruhusu, tena ni kuadhibu. Ukiuliza ni kipi kati ya hivyo viwili, unaambiwa soma sentensi vizuri.

Lakini sifa iliyonipandisha jukwaani ni moja. Hakuna aliyemtendea haki mtu asiyetaka kujibu swali kama Kiingereza cha mtihani huu.

Sisi tukimwona mtu anakwepa swali tunasema anatuzungusha. Mwenye hasira ataongeza kwamba anatupiga chenga, basi, tumefika mwisho wa barabara. GRE imewapanga wakwepaji kwa vyeo. "Equivocate" husema makusudi neno lenye maana mbili. Ukimkaba kwenye hii, anachomokea kwenye ile. "Prevaricate" huizunguka kweli bila kuikanyaga, na ndiye kijana aliyeulizwa kama ameshafika kazini akajibu kwamba foleni ya Ubungo leo haisemeki. "Temporize" hununua muda. Huyu ni fundi cherehani wa nguo za Idi, ambaye tangu kumi la kwanza la Ramadhani vazi lako limebakiza vifungo tu, na sikukuu inapita likiwa limebakiza vifungo tu. "Dissemble" huficha lililo moyoni nyuma ya uso mkunjufu. Mwenye nyumba anayemkaribisha mgeni wa saa tisa alasiri, sufuria zimeshaoshwa, hahitaji kufundishwa. "Vacillate" leo yuko huku, kesho kule, kwa kuwa kweli hajui la kufanya. Huyo tumhurumie. "Obfuscate" hulifunika jambo kwa maneno mazito mpaka muulizaji aone haya kuuliza tena. Ana ofisi katika kila wizara, na bajeti yake haijapata kupunguzwa. Juu yao wote amekaa "tergiversate", ambaye kwa asili ya Kilatini ni mtu anayegeuza mgongo, mwenye kuihama kambi yake huku akiapa kwamba hajasogea. Kwetu huyo utamkuta na kadi mbili za vyama.

Hebu tuwe na ofisi ya mtaa yenye ajira hizi rasmi. Mwananchi anafika kuulizia barua ya utambulisho na kuelekezwa ipasavyo: kujibiwa neno lenye maana mbili, dirisha la kwanza; kuambiwa njoo Jumatatu, dirisha la tatu; anayetaka kuduwazwa na kifungu cha sheria, apande ghorofani kwa mkuu. Kila mtu angejua anazungushwa kwa kitenzi gani, na angepewa risiti. Sioni kwa nini mpango huu usianze hata mwaka ujao wa fedha.

Mtihani nao unawaheshimu watumishi hawa. Mwaka 2011 ulifuta maswali ya kutafuta kinyume cha neno, tukadhani vitenzi vikubwa vimestaafu. Vikahamia kwenye nafasi za kujaza. Kuna swali linalokupa maneno sita uchague mawili yatakayoiacha sentensi na maana ileile. Ukipata moja ukakosa la pili, hupewi hata nusu alama. Sehemu nzima ya lugha ni maswali 27 kwa dakika 41, na alama zinaanzia 130 hadi 170. Yaani aliyevurunda kuliko wote duniani anarudi nyumbani na 130, ukarimu ambao baraza lolote la mitihani huku kwetu lisingeufikiria.

Faida ya elimu hii niliiona nilipoyasoma masharti ya chuo kimoja cha huko. Kilieleza kwamba GRE si lazima. Sentensi iliyofuata ikasema mwombaji anayeamini kwamba alama zake zinaonyesha vyema uwezo wake anahimizwa kuzituma. Ya tatu ikanihakikishia kwamba asiyetuma hatapungukiwa na kitu. Nilifurahi. Nilikuwa nimekikariri "equivocate" kwenye kadi, kwa penseli, na sasa nakiona chenyewe, kizima, kimevaa nembo ya chuo. Nikaendelea kufurahi kwa muda, kisha furaha ikakatika. Kama asiyetuma hapungukiwi, huyu mwingine anahimizwa ya nini?

Maana kuhimizwa huko kuna bei. Mtihani ni dola 220. Kwa mpangaji wa chumba kimoja Mbagala hiyo ni kodi ya miezi kadhaa. Punguzo la nusu ya ada lipo, limewekewa raia na wakazi wa Marekani wenye shida. Sina kinyongo na maskini wa kule, lakini matokeo yake ni kwamba anayelipwa kwa dola analipa nusu, na anayezinunua dola analipa nzima. Tangu 2020 unaweza kuufanyia nyumbani, mradi uwe peke yako chumbani, mlango umefungwa, msimamizi anakutazama kwa kamera na hakuna mtu anayeingia. Aliyetunga sharti hilo hajawahi kupanga uswahilini, ambako shangazi wa jirani huingia kwanza na hodi ikafuata. Umeme ukikatika, hilo ni lako na Mola wako. Halafu alama zenyewe zina umri: baada ya miaka 5 hazitumwi tena. Ukitaka kuomba mwaka wa sita, unalipa upya ili uthibitishe kwamba "obfuscate" bado ni "obfuscate".

Na hapo hatujagusa TOEFL, mtihani mwingine wa ETS, shirika lilelile linalotunga GRE, ambao baadhi ya vyuo humdai hata mtu aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hadi shahada. Kwa hiyo mtu mmoja anapimwa kama anajua "eat", anapimwa tena kama anajua "excoriate", na anatoa ada mara mbili.

Ningevumilia yote kama vitenzi hivi vingekuwa vinatabiri jambo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi wao wa uzamivu wa sayansi za tiba na viumbe. Alama za GRE zilihusiana kiasi na maksi za muhula wa kwanza. Hazikusaidia kujua nani angehitimu, nani angemaliza mapema, wala nani angechapisha makala nyingi. Idara nyingi, za biolojia zikiwa mstari wa mbele, zikaufuta mtihani, na korona ilipofika 2020 nyingine zikafuata. Hao nawashukuru kwa dhati. Wanaoulazimisha waziwazi nawaheshimu pia, kwa sababu wametaja bei na mtu anaweza kuamua kununua au kuondoka.

Ninaowasema ni hawa wa hiari. Hiari yao haiwaangukii watu wote kwa uzito mmoja. Mwombaji aliyesoma chuo wanachokijua, mwenye barua ya profesa waliyekaa naye meza moja kwenye kongamano, anaweza kuiacha GRE akalala usingizi. Aliyesoma Morogoro, Maseno au Gulu anajua kamati haina hakika kama A yake ni A. Atathubutu vipi kuliacha wazi pengo ambalo wenzake wamelijaza? Atakopa, atalipa, atakariri. Basi mtihani wanaotangaza kuuondoa ili kuwafungulia mlango walio mbali unabaki kulipiwa na hao hao walio mbali, na chuo kinabaki na sifa ya huruma. Wenye akili za kutosha kupima ubongo wa panya hawawezi kushindwa kuliona hilo. Wameliona. Wameamua kutuachia sisi.

Samahani, mgeni rasmi, nimepandisha sauti. Narudi kwenye sifa. Vitenzi vikubwa vina hatia ndogo kuliko wote waliotajwa hapa. Kila kimoja kina maana yake na hakijawahi kuikana.

Kwenu waheshimiwa wa kamati za udahili nina ombi. Kama mnazisoma alama zetu, andikeni neno "lazima", tutauza mbuzi tulipe. Kama hamzisomi, zikataeni hata zikiletwa, kwa kila mtu, bila kuhimiza. Na kama mmeshindwa kuamua, kitenzi chake ni "vacillate", nami nimeshasema huyo ni wa kuhurumiwa. Semeni hivyo tu, na mpaka mtakapoamua, dola 220 toeni ninyi.