Tundu la Pili

Joistiki ya zamani imeizidi kidogo tu kengele ya mlangoni kwa ufundi. Ndani mna swichi tano: juu, chini, kushoto, kulia na ya kufyatua. Haina betri wala programu. Kwa hiyo shemeji yangu, fundi magari hapa Manchester, aliposema atanitengenezea joistiki kama zile za mashine za gemu za sarafu, niliitikia bila wasiwasi. Mtu anayeshusha injini na kuipandisha atashindwaje na swichi tano?

Alikuja na sanduku la mbao ambalo hata mwizi angelitua njiani apumzike. Juu yake palikuwa na mpini wenye kirungu chekundu na vitufe sita. Commodore 64, kompyuta ya mwaka 1982, inasubiri kitufe kimoja.

"Hivyo vingine vya nini, shem?"

"Urembo."

Tukawasha. Nikasukuma mpini juu, mtu wangu akashuka ngazi. Nikavuta chini, akapanda. Mpini wa aina hii umeshikiliwa katikati: kichwa kikienda mbele, mkia ulio ndani ya sanduku unarudi nyuma, kwa hiyo swichi inayobonyezwa ni ya upande wa pili. Shemeji alikuwa ameunganisha nyaya kwa kufuata macho. Kitufe nacho kilifyatua mfululizo bila kuguswa, ukikibonyeza ndipo kinanyamaza. Swichi hizo zina miguu mitatu: mmoja wa pamoja, mmoja unaopitisha umeme ukibonyeza, na mmoja unaoukata. Yeye alichagua wa kukata.

"Mimi ningeuacha hivyo hivyo," alisema. "Unapumzisha kidole."

Tukalehemu upya, tukageukia matundu. Commodore 64 ina mawili ya pini tisa, ubavuni kulia, yanafanana kama pacha. Lakini tundu la 1 linashiriki nyaya na kibodi, na kompyuta haijui nani kabonyeza nini. Ukisukuma mpini juu inaandika 1, ukienda kulia inaandika 2, na kitufe kinaacha nafasi. Shemeji akachomeka humo na kuzungusha mpini kwa madaha, skrini ikajaa tarakimu. Mama mkwe akainua macho kutoka kwenye viazi alivyokuwa akimenya, akauliza hiyo ni namba ya simu ya nani.

Shemeji akatangaza kwamba kompyuta yangu ndiyo mbovu, akaenda kuleta ZX Spectrum yake, nayo ya 1982. Hiyo haina tundu la joistiki kabisa. Unanunua kifaa cha pembeni, maarufu kikiwa cha Kempston, unakipachika nyuma, na umeme uwe umezimwa. Kikitikisika wakati wa gemu, kompyuta inaganda, na gemu uliyoisubiri dakika kadhaa itoke kwenye kaseti inapotea. Lile sanduku zito na waya wake mfupi lilihakikisha kinatikisika. Ile Spectrum +2 ya mwaka 1986 ilikuja na matundu yake, pini tisa zilezile, ila nyaya zimepangwa kivingine ili ununue joistiki zao. Plagi yako inaingia vizuri kabisa na haikufai kitu. Sijui biashara nyingine yenye utani wa namna hiyo.

Jaribio la mwisho likawa gemu ya Daley Thompson's Decathlon, iliyotolewa mwaka 1984 na kampuni ya Ocean ya hapa hapa Manchester. Ili mwanariadha wako akimbie, unatikisa mpini kushoto na kulia kwa kasi yote uliyojaliwa. Joistiki nyingi za plastiki ziliishia humo. Yetu ni ya mbao, haikuvunjika, bali ilitembea mezani hadi ikalikuta birika la chai. Zile swichi zinalia ta-ta-ta-ta kila zikiguswa, na mke wangu aliteremka kutoka ghorofani kuuliza ni nani anayekata mchicha saa sita usiku. Kaka yake alinyoosha kidole kwangu.

Kwa hiyo, msomaji, ukirithi Commodore 64 kwa mjomba, zima umeme kwanza, kisha chomeka joistiki tundu la 2, maana gemu nyingi zinalitegemea hilo. Na chai inywe jikoni.