Mabano

Kiamaiko, mtaa wa mbuzi jijini Nairobi, mguu una bei. Ukiingia asubuhi kutoka upande wa Huruma, kabla macho hayajaona nyama pua itakuwa imeshapata habari: manyoya yanaungua. Ni vijana wanaobabua vichwa na miguu ya mbuzi, wakikwangua kwa kisu mpaka ngozi ibaki na rangi ya andazi lililokolea. Pembeni miguu imepangwa minne minne juu ya gunia. Akina mama wa vibanda vya supu huinua mmoja, huugeuza, huufinya, hupiga jicho kwenye kwato, kisha hutoa hukumu. "Huu ni wa mbuzi aliyetembea sana." "Huu ni mfupa mtupu." Ni mtaa ambao kazi yake, tangu alfajiri, ni kukagua miguu. Na ndimo nilimozaliwa mimi, na matege yangu.

Si matege ya kusingiziwa. Nikisimama visigino vimegusana, kopo la Kimbo la kilo moja linapita katikati ya magoti bila kugusa upande wowote. Najua kwa sababu dada yangu alilipitisha, Krismasi moja, mbele ya wageni.

Kila mtu nyumbani alikuwa na mshtakiwa wake. Nyanya, mzaa baba, alisema mama ndiye aliyenibeba mgongoni miguu ikiwa imepanuliwa kama ya chura. Mama alisema, nyanya akiwa ameshapanda basi la kurudi mashambani, kwamba nyanya ndiye aliyenisimamisha wima nikiwa na miezi mitano ili awaonyeshe majirani. Nesi wa kliniki aliwaachilia huru wote wawili. Watoto karibu wote huzaliwa na miguu iliyopinda, alisema, kwa sababu tumboni hakuna nafasi ya kujinyoosha. Kufikia miaka miwili hunyooka. Miaka mitatu, minne, hupinda kwa upande wa pili, magoti yakagongana. Kufikia saba hutulia. Kisha akamwuliza mama swali ambalo mama hakulitarajia: "Mnakaa ghorofa gani?"

Tulikaa chini, chumba cha nyuma. Anayezijua ghorofa za Huruma na Kiamaiko anajua maana yake. Jengo limepakana na jengo, jirani wa ng'ambo anaweza kukupitishia chumvi dirishani, na jua likitaka kufika kwa wa chini lazima kwanza lipite kwenye blanketi za orofa sita. Mfupa wa mtoto unahitaji vitamini D, na hiyo ngozi huitengeneza kwa jua. Ikikosekana, mifupa hulainika na miguu hupinda. Daktari Mwingereza Francis Glisson aliandika kitabu kizima juu ya ugonjwa huo mwaka 1650, na baadaye ukawa ugonjwa wa watoto wa miji iliyojaa moshi wa makaa. Sisi hatuna moshi wa makaa. Tuko hatua chache kutoka ikweta, jua linatuchoma utosi, na bado unaweza kujenga mpaka likakosekana.

Mimi nesi hakuniandikia ugonjwa wowote. Alisema nitolewe nje asubuhi nipate jua, na tusubiri yanyooke. Nina miaka 34. Bado tunasubiri.

Jina nililipata darasa la tano, somo la Kiswahili, siku ya uakifishaji. Mwalimu aliandika sentensi ubaoni akauliza nani atakuja kuweka mabano. Mimi, kwa kiherehere, nikainua mkono. Sare ilikuwa kaptura. Nikatembea toka dawati la nyuma mpaka mbele, na kabla sijashika chaki darasa zima lilikuwa limeshaliona jibu. Mwalimu alijaribu kukohoa. Kikohozi kikageuka kitu kingine. Alipopata pumzi akamalizia somo kama kitabu kinavyotaka: mabano hutumika kufungia maelezo ya ziada. Kwa miaka mitatu iliyofuata, kila nilipopita, kulikuwa na mtu wa kuuliza maelezo ya ziada yako wapi.

Lakini jina ni jina tu. Kilichonitesa ni chobo ua. Kama hukukulia Eastlands, acha nikueleze. Mnacheza mpira wa mifuko iliyofungwa kwa kamba (mipira hiyo ilikuwa rahisi kupatikana kabla serikali haijapiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017) kwenye kiuwanja chochote ambacho mwenye shamba hajakumbuka kujenga. Mpira ukipita katikati ya miguu yako umepigwa chobo, na adhabu yake ni moja: wote, wa timu yako na wa timu pinzani, wanakuangukia kwa makofi na mateke mpaka uguse mahali palipokubaliwa. Kwetu palikuwa mlingoti wa stima. Ukiugusa umeokoka.

Mtoto wa kawaida alipigwa chobo akizubaa. Mimi nilipigwa nikiwa macho, miguu nimeibana, nimesimama kwa adabu kama askari wa gwaride. Mlango wangu haukuwa na komeo. Mabeki wa timu yangu mwenyewe walinitafuta, maana hakuna aliyesema huwezi kumpiga chobo mwenzako. Nikawa sijui kupiga chenga, sijui kufunga, lakini mbio za kwenda kwenye mlingoti hakuna aliyenifikia. Hata leo nikiingia mtaa mgeni, jicho langu hutangulia kutafuta nguzo.

Mjomba wangu, mpenzi wa mpira wa zamani, aliniita siku moja akanikalisha. Akanieleza habari za Garrincha wa Brazil, mtu aliyezaliwa na miguu iliyopinda, mmoja mfupi kuliko mwenzake, na bado akabeba Kombe la Dunia mwaka 1958 na tena 1962. Na Brazil haikupoteza mechi hata moja yeye na Pelé wakiwa uwanjani pamoja. Nililala na Garrincha kichwani kwa wiki nzima. Kisha nikaiona picha yake. Miguu ya Garrincha ilipinda yote kuelekea upande mmoja, wa kulia ukiingia ndani na wa kushoto ukitoka nje, kama matete mawili yaliyopigwa na upepo mmoja. Yaani ilikuwa sambamba. Hapakuwa na mlango. Nilimrudishia mjomba Garrincha wake.

Kidato cha kwanza nilipewa suruali ndefu. Wenzangu usiku ule bwenini walilia kwa kuwakumbuka mama zao. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani nikilitazama pindo la suruali linavyogusa kiatu. Tangu siku hiyo, kwa miaka 20, hakuna aliyeiona miguu yangu nje ya mlango wa nyumba yetu kwa hiari yangu. Katika picha nilijifunza kusimama nyuma ya mtu mnene, au kutanguliza mguu mmoja kama ninayeanza safari. Ukipitia albamu yetu utadhani mimi ni mtu mwenye haraka sana.

Ijumaa ndiyo iliyonipa wivu. Wanaume wa Kiamaiko wengi ni Waborana, Waburji, Wasomali, na saa sita mchana mtaa mzima unageuka kanzu na vikoi, unatiririka kwenda msikitini. Ndani ya kanzu hujui nani kanyooka na nani kapinda. Nikajinunulia kikoi. Nilikivaa siku moja tu. Hakuna aliyenieleza kuwa kikoi kina namna yake ya kufungwa na kwamba kupanda bodaboda nacho ni elimu. Tulipovuka tuta la kwanza, fundo lilifunguka. La pili, kikoi kikabaki kwa mama mboga. Nashukuru ndani nilivaa kitu. Sishukuru kitu chenyewe, kilikuwa cha Harambee Stars.

Halafu kukaja harusi ya binamu. Bwana harusi aliamua wasimamizi wote tuvae suruali za kubana, zinazoishia juu ya kifundo cha mguu, bila soksi. Nikampelekea fundi kitambaa na kumweleza shida yangu kwa sauti ya chini. Aliweka tepu begani, akapiga goti, akapima ndani, akapima nje, vipimo vikakataa kukubaliana. Akapima tena. Mwishowe akaniinulia uso.

"Kijana, nishone suruali ama nishone daraja?"

"Fundi, wewe shona tu."

Alishona. Siku ya harusi, tulipoanza kuingia kwa kucheza, mshono wa ndani ulichoka kuvumilia. Sitasema zaidi, video ipo na shangazi zangu wanayo.

Rafiki yangu mmoja mwalimu alijaribu kunitibu kwa sayansi. Mwaka 2000, akasema, Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walimvisha mwanafunzi fulana yenye sura kubwa ya mwimbaji Barry Manilow, ambaye vijana wale waliona aibu kumvaa, wakamwingiza kwenye chumba chenye wenzake. Walirudia hivyo kwa mwanafunzi mmoja mmoja. Wavaaji walikadiria kuwa karibu nusu ya waliokuwamo wameitambua sura ile. Kumbe walioitambua ni kama robo. "Unaona?" akasema rafiki yangu. "Watu hawakuangalii kama unavyodhani." Nilimsikiliza kwa heshima. Lakini katika chumba kile cha Cornell hakukuwa na mchuuzi hata mmoja wa mbuzi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Maji yalikuwa yamekatika siku nne, yakarudi Jumamosi alfajiri, na kama kila mtu mtaani nikafua kila kilichofulika. Saa tano mvua ikanyesha. Saa sita mama akasema wageni wanakuja, niende mara moja kununua miguu ya supu. Suruali zangu zote zilikuwa juu ya paa zikichuruzika. Kilichokuwa kikavu ni kaptura ya zamani ya kuchezea mpira. Nikahesabu: ni hatua mia mbili, watu wamejificha mvua. Nikatoka.

Watu hawakuwa wamejificha. Lori la kutoka Marsabit lilikuwa ndiyo kwanza limefika, zaidi ya kilomita 500, na mbuzi walikuwa wakishushwa mmoja mmoja huku miguu imekufa ganzi. Wengi wakigusa ardhi huyumba kama walevi. Mmoja, beberu mweupe, hakuyumba. Aligusa lami, akawaangalia binadamu, akaondoka. "Mshike! Mshike!" Barabara nzima ikamkwepa, na mbele yake nikabaki mimi, mikono nimeitandaza kama golikipa.

Nilifanya nilivyojifunza utotoni: nilibana visigino. Yule beberu alipunguza mwendo nusu sekunde. Niliona macho yake yakishuka, yakapima, yakakubali. Kisha akaingia.

Kichwa kilipita. Mabega hayakupita, kwa hiyo aliendelea nami. Nilisafiri kinyumenyume, nikitazama mkia, hatua tatu au nne, kabla hajanitua kwenye tope ambalo Kiamaiko si la maji peke yake. Kukawa kimya. Kisha sauti ya mtoto, kutoka orofa ya tatu, ikaita vizuri kabisa:

"Chobo!"

Na barabara nzima, wapakuzi, wabebaji, mama wa supu, vijana wa kubabua wakiwa na visu mkononi, ikajibu: "Ua!"

Sikufikiri. Miguu ilikumbuka yenyewe. Mtu mzima wa miaka 34, mwenye kitambulisho na mkopo wa Sacco, niliinuka matopeni nikapiga mbio hadi kwenye mlingoti wa stima, nikaugusa kwa mikono miwili.

Nilipogeuka watu walikuwa wamekaa chini kwa kicheko. Mmoja tu hakucheka. Alikuwa mzee mwenye lori, kofia kichwani, bakora mkononi, uso wa mtu aliyenunua mifugo tangu kabla baba yangu hajaoa. Alinijia polepole, akasimama, akaishusha bakora, akaanza kunikagua toka kwenye kifundo kwenda juu. Niliona nafsi yangu ikipangwa kwenye gunia. Akainama, akanifinya shavu la mguu kwa vidole viwili, kama afanyavyo kwenye kiuno cha mbuzi.

"Kijana, miguu yako haina shida."

Nusura nimkumbatie. "Ahsante, mzee."

"Shida ni nyama. Hapa hakuna hata kilo mbili." Akajifuta vidole kwenye kikoi. "Kula."

Akaenda zake kumtafuta mbuzi wake. Miaka 20 nimeficha umbo, na mtu pekee aliyewahi kuipima miguu yangu kwa ujuzi hakuliona umbo, aliona uzito. Mizani ya Kiamaiko haina sehemu ya kusoma matege. Nilirudi nyumbani na kaptura yangu kwa mwendo wa kawaida, bila kutanguliza mguu, ingawa kusema kweli tope lilikuwa limenifunika mpaka magotini.

Beberu alikamatwa kando ya kibanda cha chapati. Jioni, mvua ilipoisha, nilirudi kununua ile miguu, minne, imebabuliwa vizuri. Siwezi kuapa kuwa ni yake. Lakini kabla mama hajaitia chunguni niliichukua mmoja mmoja nikaitazama kwenye taa. Yote minne ilikuwa imenyooka kama rula.