Mchi, Feni na Shemeji Beringi

Wewe unayeishi na mkwe ndani ya nyumba, sogea tukae. Asiye naye aende zake barazani akanywe kahawa, maana hatatuelewa.

Tunakaa Kiponda, Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, ndani ya kuta nene za mawe zinazokusanya joto mchana kutwa na kuturudishia usiku. Mwezi wa Februari, kaskazi ikishachoka, roho zetu zimo mikononi mwa feni mbili: ya dari sebuleni na ya meza chumbani. Mwaka huu ziliugua pamoja. Ya dari ilianza kukoroma. Mke wangu akasema sauti ile ni ya marehemu baba yangu kabisa, nikanyamaza, kwa sababu ni kweli. Ya meza haikukoroma, ilikuwa nzito tu kuanza, kama mtoto anayeamshwa kwenda chuoni.

Nyumba nyingi zina mganga mmoja. Sisi tunao wawili. Wa kwanza ni mama mkwe, ambaye mimi na watoto tunamwita Bi Mafuta (kwa sauti ya chini), kwa kuwa kila maradhi, ya mtu au ya chuma, dawa yake ni mafuta ya nazi. Wa pili ni kaka wa mke wangu, Shemeji Beringi. Alifanya kazi gereji miezi michache akatoka na imani moja: kila kinachozunguka kitiwe beringi.

Bi Mafuta ndiye aliyewahi. Feni ya meza haina beringi, ina bushi, kimrija kifupi cha shaba ambacho shafti inazunguka ndani yake. Shaba yenyewe imetengenezwa kwa unga uliogandamizwa, ina vitundu visivyoonekana, na vitundu hivyo hunywa mafuta mepesi na kuyatoa kidogo kidogo. Yeye akavinywesha mafuta ya nazi. Sasa mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini kidogo ya digrii 25, na hata yasipoganda, yakikaa karibu na mota yenye moto yanageuka ulimbo. Baada ya siku nne feni ilikuwa haiondoki mpaka ulisukume panga kwa mpini wa mwiko.

Na usidhani kwamba mafuta mepesi hayamo nyumbani. Yamo! Ana kichupa chake, amekifunga kwenye pembe ya kanga, cha cherehani yake ya mkono aliyokuja nayo alipoolewa. Cherehani ile ina bushi tupu na vitundu vya kutilia mafuta. Inapata tone lake kila wiki, na mpaka leo inakwenda kimya kama paka. Lakini mafuta yale si ya feni. "Ya cherehani ni ya cherehani, baba," aliniambia, na hapo mjadala ukafungwa.

Ndipo Shemeji Beringi akaingia na bisibisi. "Bushi? Kitu cha kimasikini hicho!" Akaichukua feni, akapanua tundu, akapachika beringi ndogo, unywele mmoja nje ya katikati. Usiku ule tulilala kama watu waliowekewa kinu cha kahawa chini ya mto. Kumbe bushi yenye mafuta haina sauti, maana shafti inaelea juu ya utando wa mafuta, lakini gololi za beringi hazijui kukaa kimya, seuze zikiwa zimekaa upande. Mke wangu akaniangalia gizani: "Umeona alichofanya shemeji yako?" Akitengeneza kitu kikapona ni kaka yake. Akiharibu, ni shemeji yangu.

Tena alikuwa na mpango na mlango wa chini. Milango yetu ya zamani unaijua, haina bawaba. Ubao una vijiti viwili vya duara, cha juu na cha chini, vinavyozunguka ndani ya matundu ya fremu. Hiyo nayo ni bushi, ya mti. Yeye akataka kuutia beringi chini, uteleze. Mlango mzito, unakwenda na kurudi robo mzunguko tu: gololi zingekaa palepale miaka yote, zikichimba vishimo palepale. Hayo niliyajua baadaye. Siku ile nilimwambia tu kwamba Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu 2000 na mlango ule si wa mama yake. Akanuna siku mbili, nyumba ikapumua.

Kwa feni ya dari, lakini, alikuwa na haki, na hili linaniuma. Feni ile nzito, inaning'inia kwenye shafti, inazunguka usiku kucha. Hapo gololi zinazobingirika na kubeba uzito ndipo mahali pake. Nikaenda dukani na mwanangu Maswali kununua beringi namba 6202. Muuzaji akamfundisha hesabu ya tarakimu mbili za mwisho: 00 ni tundu la milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa 5. Mtoto ambaye jedwali la saba limemshinda mwaka mzima akaishika hesabu ile kabla hatujavuka barabara. Mimi nikachagua yenye kifuniko cha mpira badala ya chuma, kwa sababu ya chumvi ya bahari. Ndio uamuzi wangu pekee wa akili katika habari hii.

Nyundo alikuwa nayo Shemeji. Nikachukua mchi wa mke wangu.

Beringi ina pete ya ndani na pete ya nje. Inayoingia kwa kubana kwenye shafti ni ya ndani, basi hiyo ndiyo ya kugongwa. Mimi niligonga ya nje, kwa moyo wote, na kila pigo likapita katikati ya gololi na kuzichapisha kwenye njia yake. Feni ilipowashwa, hakukoroma baba peke yake. Alikuja na ami zangu wawili.

"Mchi wangu una meno?" Sauti kutoka jikoni. Siku hiyo hakikupikwa kitu. Nilitumwa Darajani kununua urojo wa watu sita.

Fundi tuliyemleta kutoka Mwanakwerekwe alitumia kipande cha bomba chenye upana wa pete ya ndani, na dakika kumi. Feni ya meza akairudishia bushi, kisha akauliza kama kuna mafuta mepesi. Bi Mafuta akafungua pembe ya kanga. "Chukua, mwanangu," akamwambia. Mwanangu! Mimi nimemuoa binti yake miaka kumi na mbili, bado ni "baba".

Sasa nyumba iko kimya. Beringi mbili, ya zamani na ile niliyoitwanga, Maswali amezipachika kwenye ubao kuwa magurudumu ya kigari. Kinahitaji manne. Jana nilimkuta amesimama katikati ya sebule, ametazama juu.

"Baba, hii feni ina beringi ngapi?"

"Mbili," nikamjibu kabla sijafikiri. "6202 na 6201."

Akaenda kutafuta kiti.