Kou Anaikala Avenyu Gani?

Siku ya nne leo, hapa mtaani kwetu Ruashi tunanunua makala ya kupikia kwa pesa taslimu, na mwenye kosa ni kijana wa Kijapani.

Makala tunayachukua kwa mama mmoja wa nyumba ya tatu. Umeme ukikatika, na unakatika, namtuma binti yangu na ndoo tupu. Anarudi imejaa, mimi nalipa mwisho wa mwezi. Nilidhani mama yule ananiamini. Kumbe deni lile lilishikiliwa na urafiki wa binti zetu wawili, wanaosukana nywele tangu wakiwa na meno ya maziwa. Jumatatu nikamwonyesha ndoo, akabaki amekaa.

"Papa, mimi siende kule. Ule haiko rafiki yangu tena."

"Juu ya nini?"

"Juu ya Kou."

Binti ana miaka 15. Nikauliza anayouliza kila baba wa hapa: Kou mtoto wa nani? Anaikala avenyu gani? Baba yake anatumika wapi? Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja niende kumtafuta huyo baba, ndipo mke wangu akaanza kucheka, akacheka hadi akashika ukuta.

Kou ni wino. Ni mvulana wa *Blue Spring Ride*, hadithi ya picha ya Io Sakisaka iliyotoka Japani kati ya 2011 na 2015, vitabu 13. Tafsiri ya Kifaransa ilifika avenyu yetu ndani ya sanduku la shangazi wa yule rafiki, kutoka Brussels, pamoja na chokoleti. Chokoleti iliisha siku ileile, haikugombanisha mtu.

Nikachukua kitabu cha kwanza nijue adui yangu. Hakuna aliyeniambia kwamba vitabu vile huanzia kulia. Basi kwangu mimi, mvulana mrefu mwenye maneno makali alikuwa anapungua urefu kadiri ninavyofunua, anakuwa mpole, hata mwisho nikamkuta mfupi, ana haya, amejikinga mvua na msichana chini ya paa la hekalu. Nikasema: hadithi nzuri, kijana ametubu. Binti akanigeuzia kitabu bila neno. Kumbe upole ni wa mwanzo. Mtoto alihama, akarudi na kiburi, na jina jipya kwa sababu wazazi waliachana. Baba yangu naye alibadilisha jina 1972, kwa amri ya Mobutu, lakini hakuacha kusalimia watu.

Kinachonichosha ni ukimya wao. Msichana, Futaba, anampenda Kou, anakaa kimya. Kou anajua, anaangalia dirishani. Kurasa tatu nzima mtu anavuta pumzi! Wenzao wa *Sawako*, hadithi nyingine ya kabati la binti, walifika hadi kitabu cha 30. Mimi kwa muda huo nilikuwa nimeshapeleka mali kwa wakwe, nimeoa, nimezaa, na nimeanza kudaiwa minerval ya shule.

Lakini kuna jambo moja lililonikasirisha kweli, maana ni zuri. Rafiki wa Futaba, Yuri, anampenda Kou huyohuyo. Anamwambia Futaba. Futaba anahangaika, halafu naye anasema ukweli: hata mimi. Wanabaki marafiki! Wa kwangu je? Hawakugombea Kou. Waligombana kwa sababu rafiki, mwenye kitabu cha 13, alisimulia mwisho wakati binti yangu bado yuko cha 6. Ndiyo kosa lote hilo. Kwa hilo mimi nanunua makala kwa pesa mkononi.

Mke wangu akasema tusiwacheke watoto, hata wakubwa hugombania hadithi. Candy, yule yatima wa nywele za manjano aliyemliza yeye ujanani, alitungwa na wanawake wawili: Kyoko Mizuki akaandika, Yumiko Igarashi akachora. Wakagombana juu ya nani mwenye Candy, wakafikishana hadi Mahakama ya Juu ya Japani, 2001. Nikampelekea binti habari hiyo iwe onyo. Akauliza nani alishinda. Nikamwambia mwandishi. Akasema, "Vizuri, mwenye hadithi ndiye mwenye neno la mwisho," akarudi kwenye kitabu chake.

Jana nikabeba ndoo mwenyewe. Mama wa makala aliniamkia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, akapima, akajaza mpaka juu, halafu akaweka mkono juu ya ndoo. "Papa, watoto hawasemezane. Tena ya mwezi uliopita haijaisha." Nikalipa. Mbabula ilipowaka, bukari ikaliwa saa nne usiku.

Wewe msomaji, kama binti yako bado yuko kitabu cha 6, fumba mdomo: Futaba anaachana na yule mvulana mwingine, Kikuchi, anarudi kwa Kou.