Wiki ya Mbuzi

Jumatatu. Nilipomaliza kusahihisha madaftari niliketi barazani kuchonga mbuzi ya kukunia nazi. Ubao ni wa mwembe, mti ambao watu wa huku huchongea mitumbwi. Moyo wangu ulitaka mkomafi, jamaa ya mkangazi, kwa wekundu wake. Lakini mkomafi ni mkoko, na mikoko ya delta ya huku ni msitu wa hifadhi, haikatwi bila kibali, na ni vyema iwe hivyo.

Jumanne. Nimeupigilia ubaoni mkia wa chuma chenye meno kwa nyundo. Ncha ya ubao imepasuka shubiri nzima. Babu jirani, fundi wa mashua, niliyemwamkia shikamoo kwa sauti ya unyonge, aliupapasa ufa kwa kidole. "Mwanangu, anza na keekee. Tundu liwe jembamba kuliko mkia, kisha upashe mkia moto, ujichomee njia."

Jumatano. Nimekata palipopasuka, nikatoboa. Kamba ya uta wa keekee ilikatika mara mbili. Ya tatu, nailoni ya wavuvi, imehimili. Mkia umeingia na kukaza. Kidole gumba kimeungua.

Alhamisi. Mvua ya usiku iliikuta mbuzi barazani. Imevimba pale miguu inapopishana, haikunjiki. Niliipiga randa mpaka ikakunjika.

Ijumaa. Jua kali na upepo wa baharini. Ubao umekauka, sasa miguu inachezacheza. Babu hakunilaumu. "Mbao ikinywa maji hairandwi. Ungeiacha kivulini siku kadhaa." Nimeyaandika maneno hayo nyuma ya mlango.

Jumamosi. Gatini nilikutana na mchonga vigoda akingoja boti ya Mafia. Nilimweleza kupaka nta ncha za ubao mbichi, kwa kuwa maji hutokea huko haraka kuliko ubavuni, na ndiko nyufa zinakoanzia. Naye alinifundisha kubana kiungo kilicholegea kwa kipande cha ngozi ya kiatu kikuukuu. Tulizungumza hadi akaitwa kupanda. Futi yangu imeondoka naye.

Jumapili. Ngozi imebana. Mama amekuna nazi mbili, akasema mbuzi imeinama kushoto lakini meno yanakuna vizuri. Nimeulaza ubao wa pili uvunguni mwa kitanda, ncha zote zimepakwa nta, tarehe nimeiandika kwa penseli.