Popi Alivyotutangulia

Watu huwaaga wafu wao wamesimama, vichwa chini. Mimi jana, mbele ya kitongoji kizima hapa juu ya Lushoto, nilimkimbiza marehemu mteremkoni, kandambili moja imebaki topeni, nikipiga kelele, "Mshikeni! Mshikeni!" Aliyemshika hakuna. Waliompisha wapo.

Popi alikufa kwa uzee, usingizini, kwa adabu kuliko alivyoishi. Nilimfunga kwenye gunia la viazi, nikamlaza kando ya shimo ili nipanue upande wa kichwa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Gunia likajigeuza kidogo kama mtu anayetafuta usingizi, kisha likaondoka.

Hapa lazima nieleze habari ya makinga maji, maana tangu jana sifikirii kingine. Udongo wetu mwekundu ukilowa ni utelezi mtupu, na chochote kikishaanza safari hakisimami mpaka kikutane na kinga. Unachimba mtaro kukatiza mteremko. Udongo ukiutupa upande wa juu, hiyo ni fanya juu. Ukiutupa chini, fanya chini. Ujanja uko kwenye fanya juu. Kila mvua inateremsha udongo kidogo, ukingo unaudaka, unajaa nyuma yake, na miaka ikipita shamba linajilaza lenyewe ngazi kwa ngazi, bila mtu kulisawazisha. Mvua iliyokuja kuiba inafanywa kibarua! Juu ya ukingo unapanda majani ya Guatemala: mizizi inashika udongo, ng'ombe anakula. Miaka ya 1950 Waingereza waliwachimbisha wazee wetu matuta kwa lazima, wazee wakagoma mpaka mpango ukafa. Siku hizi tunachimba kwa hiari, isipokuwa jirani yangu wa chini, aliyesawazisha makinga yake apate mistari zaidi ya kabichi. Basi Popi akapita kwake bila kizuizi, akalaza mstari mzima, akatulia mferejini.

Kumpandisha nilimpandisha peke yangu, na hapo ndipo kicheko kinaponiishia. Wanaume waliokaa wakitazama walisema mbwa hazikwi, hutupwa. Mbwa huyohuyo ndiye aliyewafukuza kima wa msitu wa Magamba kwenye mahindi yao, msimu hata msimu, kwa ujira wa ukoko wa ugali. Na hao hao ukiwagusia Mbegha wao, mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi hapa Usambara, hamlali! Mbegha huyo, kama alivyosimulia Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, alikuja kutoka Nguu akiwa mwindaji, na sifa iliyomtangulia hadi Vuga ilikuwa ya nguruwe mwitu waliomaliza mashamba ya watu, na mbwa wake waliowamaliza nguruwe. Enzi ya Wakilindi ilipanda milima hii kwa miguu minne. Leo kushika ncha moja ya gunia ni aibu.

Mengine ni madogo. Mwanangu alitangaza shuleni kwamba kwetu kuna msiba, ikabidi turudishe rambirambi. Shangazi alipiga simu kutoka Mombo, akalia sana, kisha akauliza Popi ni mtoto wa nani.

Leo alfajiri kima wameshuka. Jirani wa kabichi akapiga hodi mapema, nikamkaribisha, nikijua ameleta pole. Alileta hesabu ya kabichi. Kabla sijafungua mdomo akaongeza, "Halafu, Baba Neema, mwingine unamleta lini? Mahindi yangu yameshabeba."