Bomba la Nusu Inchi

Bomba la gesi linalotoka Madimba kwenda Dar es Salaam lina kipenyo cha inchi 36. Kijana mmoja fundi wa kuchomelea kaniambia mtu mzima anatambaa humo ndani na helmeti yake kichwani. Bomba linaloingia kwangu hapa Chuno, Mtwara, la maji, ni nusu inchi. Sisimizi wawili wakikutana humo, mmoja lazima arudi rivasi. Jamani, mimi sina ugomvi na gesi. Iende, ifike salama, iwawashie wenzetu taa. Ila na mimi nina kiu.

Siku ya kuunganishiwa, fundi aliniuliza, "Mzee, unataka paipu ya ngapi?" Nikamjibu, "Ya kawaida." Mimi najua nini? Paipu ni paipu. Akaivuta kutoka kule barabarani, ikapita chini ya banda la kuku la jirani, ikazunguka msikiti, ikafika kwangu imechoka. Eti paipu nyembamba ikisafiri mbali, presha inafia njiani. Na mimi niko mwisho wa laini. Waliotangulia wakishaoga, wakishafua, wakishaosha bodaboda, ndiyo mimi nafungua koki napewa mlio. Fyuuu. Hewa tupu.

Na hewa nayo inazungusha mita! Nimeshuhudia kwa macho yangu, nimechuchumaa na tochi ya simu. Bombani hakuna tone, kimshale kinazunguka. Yuniti moja ni lita 1,000 za maji. Za upepo sijui inakuwa lita ngapi, nalipa tu. Niliposimulia kibandani wakanicheka, wakaniita Mzee Upepo. Sasa hata watoto wakipita wananipulizia.

Halafu kuna jirani yangu mwenye ghorofa. Huyu bwana kafunga mota moja kwa moja kwenye laini ya mtaa. Maji yakija usiku wa manane, mota inanguruma, na bomba langu badala ya kutoa linavuta. Huamini? Niliweka kidole nijaribu. Kikanaswa. Nimesimama uani usiku, msuli kiunoni, kidole bombani, naita kwa sauti ndogo ili majirani wasisikie. Mke wangu akaja na taa. Hakunivuta. Aliwaamsha watoto kwanza waje waone.

Fundi anasema mota za namna hiyo ni hatari. Bomba likibaki tupu, kila palipopasuka pananyonya uchafu wa nje. Ndiyo maana maji yakirudi, ndoo ya kwanza inatoka rangi ya chai, na ndiyo njia ambayo kipindupindu anaingia nyumbani bila hodi. Pale Mangamba kuna chujio la maji, yanatoka huko masafi kabisa. Yakifika kwangu yameshakutana na dunia. Tunachemsha. Mkaa nao bei juu.

Tatizo lingine ni kwamba tumekuwa wengi. Mji huu wenyewe Waingereza waliujenga kwa sababu ya karanga. Mwaka 1947 wakaanza mradi wao, wakajenga bandari, wakaweka reli ya kwenda Nachingwea, wakachora barabara pana utadhani zinasubiri maandamano. Karanga zikagoma. Reli ikang'olewa. Sisi tukabaki na barabara pana na korosho. Miaka ikapita, gesi ikaja. Mwaka 2015 kiwanda cha saruji cha Dangote kikafunguliwa, tani milioni 3 kwa mwaka. Bandari nayo ikaongezewa gati. Sensa ya 2012 ilituhesabu 108,299, na ile ya 2022 ikakuta tumeshapita laki moja na arobaini elfu. Kila mgeni anataka chumba, na kila chumba siku hizi kina choo cha kuflashi. Visima vya Mtawanya vilivyokuwa vinatunywesha sisi wachache, ndivyo hivyohivyo vinasukumiwa umati huu. Msimu wa korosho malori yakijaa mjini, dumu la lita 20 linapanda bei, na muuza maji ananiangalia kama hanijui.

Na maji yapo! Mto Ruvuma ule pale, mpaka wetu na Msumbiji. Unatoka Matogoro kule Songea, unatembea kilomita 800 hivi, unakuja kumwaga maji baridi baharini hapa jirani yetu. Mamba wanaogelea bure, hawana mita. Livingstone mwaka 1866 aliteremka Mikindani na ngamia wake, akatembea mpaka akaupata Ruvuma. Maana yake mtu kutoka Mikindani kufika mtoni ni jambo lililowezekana tangu enzi za mababu. Sasa ni zamu ya mto kuja Mikindani. Mradi wa kuyavuta maji kutoka Maundo umetajwa bungeni mpaka nimeukariri. Kwangu mimi umeshafika, ila kwa redio.

Hayo ndiyo niliyoyasema kwenye mkutano wa mtaa. Nilinyoosha mkono nikitaka kuuliza kidogo tu, maneno yakanizidi. Nikawapa inchi 36, nikawapa nusu inchi, nikawapa mpaka ngamia. Makofi! Nikajiona mbunge. Mwenyekiti akasimama akasema huyu mzee anaonekana ameyasomea haya mambo, basi awe katibu wa kamati ya maji. Mweka hazina wakamchagua yule mwenye mota, kwa sababu kwake ndiko wajumbe watapata chai.

Tangu hapo sina usingizi. Maji yakikatika wananigongea alfajiri na madumu yao, wengine wanataka risiti. Juzi hodi ilipigwa, nikatoka mbio nimevaa shati kinyume. Nikamkuta mke wangu, ndoo kichwani, amejipanga wa tatu kwenye foleni.

"Shikamoo katibu," akasema. "Maji yanatoka lini?"